Muvi za upelelezi: Mtoto akikutajia muuaji, muulize amejuaje

Juni ikifika, baridi ya Mbeya haihitaji kutangazwa redioni. Shule zimefungwa, mpira wa mtaani Soweto umekwisha mapema kwa sababu vidole vimekufa ganzi, na kufikia saa kumi na mbili jioni watoto wote wako ndani. Wakiwa ndani wanatazama. Kama si king'amuzi ni flashi iliyojazwa muvi pale Kabwe au Mwanjelwa, na kama si flashi ni simu yako, mzazi mwenzangu, ile uliyoiacha juu ya kochi ikiwa na chaji.

Kuhusu wanachotazama, wengi wetu tuna maswali mawili. Kuna mambo ya kikubwa humo? Kuna damu nyingi? Ni maswali mazuri na tuendelee kuyauliza. Leo naomba kuongeza la tatu, linalohusu aina moja ya muvi ambayo watoto wanaipenda na sisi wenyewe tunaipenda: muvi za upelelezi, zile ambazo mtu ameuawa au mali imeibwa na hakuna anayejua nani kafanya. Swali lenyewe ni hili: mwishoni, mhalifu alijulikanaje?

Usilione kama swali la wapenda sinema tu. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, namna mtu anavyopatikana na hatia ni jambo ambalo limewahi kugharimu maisha ya watu.

Kitendawili kwenye kioo

Kwenye muvi ya ngumi, dakika tano za kwanza zinatosha. Steringi unamjua, adui unamjua, na kila mtoto aliyewahi kukaa kibanda umiza anajua kwamba steringi hafi. Kilichobaki ni kuhesabu mateke. Muvi ya upelelezi inakwenda kinyume. Adui yuko mbele ya macho yako tangu mwanzo, amevaa vizuri, anapokea wageni msibani, anawafuta wafiwa machozi, na wewe hujui kuwa ndiye.

Bibi zetu walikuwa na mchezo huohuo bila umeme. Kitendawili! Tega! Ukishindwa unaombwa mji, unatoa Tukuyu au Iringa, mwenzako anaupokea mji wako kisha anakupa jibu. Jibu la kitendawili kizuri lina sifa moja: ukishaambiwa unajipiga paji la uso. Maneno yote yalikuwa yanalionyesha, wewe ndiye hukuona. Kitendawili ambacho jibu lake halimo ndani ya maneno yake ni ulaghai, na watoto humzomea aliyekitega.

Waandishi wa nchi za nje waliifikia kanuni hiyohiyo kwa njia yao. Edgar Allan Poe wa Marekani alitoa mwaka 1841 hadithi ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya upelelezi, na Arthur Conan Doyle wa Uingereza akamleta Sherlock Holmes mwaka 1887. Mwaka 1929 padri mmoja Mwingereza, Ronald Knox, ambaye naye aliandika hadithi za aina hiyo, akazitungia amri 10. Mhalifu awe ametajwa mapema. Mpelelezi asimfiche msomaji dalili alizoziona. Na ile inayotuhusu zaidi leo: nguvu zisizo za kawaida zisitumike kutoa jibu. Padri huyo! Mtu anayehubiri miujiza kila Jumapili alikataa katakata muujiza usaidie kumkamata muuaji wa hadithini.

Sinema ilichukua muda kuelewa hivyo. Filamu ya kwanza inayojulikana ya Sherlock Holmes ilipigwa Marekani mwaka 1900 na haifiki hata dakika moja. Mwizi anatoweka, anatokea tena, anatoweka, Holmes anabaki ameduwaa, basi. Hakuna aliyeeleza chochote. Watu walifurahia mazingaombwe ya kamera. Ilibidi ipite miaka ndipo watengenezaji wagundue kwamba utamu hauko kwenye mtu kutoweka. Uko kwenye kuelezwa alitokaje.

Mzimu unavuliwa kinyago

Zitazame hadithi za aina hii zilizodumu. Nyingi zinaanza na kitu cha kutisha kinachoonekana kimetoka kuzimu, na zinaishia kwa binadamu mwenye sababu zake.

Hadithi ya Doyle kuhusu ukoo wa Baskerville ilitoka kitabuni mwaka 1902, na filamu yake inayokumbukwa sana ni ya 1939, Basil Rathbone akiwa Holmes. Ukoo unaaminika kuwa na laana, na usiku linaonekana jibwa la ajabu. Mwisho wake, jibwa ni mbwa wa kawaida, na nyuma yake yupo ndugu anayevizia mirathi. Mirathi! Tunazijua hizo.

Kule India, mwaka 1949 ilitoka Mahal, ya Madhubala na Ashok Kumar. Mwanamke anaimba gizani ndani ya jumba kubwa, na shujaa anaamini ni roho ya marehemu. Ni binti wa mtunza bustani. Wazee waliokulia kwenye majumba ya sinema za Kihindi wanaijua ladha hiyo hata kama jina la filamu limewatoka.

Na wanao wanaijua kupitia Scooby-Doo, katuni iliyoanza mwaka 1969: vijana wanne na mbwa mwoga, jini linawakimbiza robo tatu ya kipindi, halafu wanalikamata na kulivua uso wa bandia. Chini yake yupo mzee mwenye kiwanja, au meneja aliyetaka watu waogope wahame.

Sisi tulikuwa na yetu, tena nzuri kuliko hiyo. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alikuwa mkaguzi katika idara ya afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. (Mimi hupenda kufikiri kwamba kazi ile ya afya ndiyo iliyomfunza. Mkaguzi wa afya haulizi nani kawaroga watu wa mtaa, anauliza maji wanachota wapi.) Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957/58 na kuchapwa kitabu mwaka 1960. Tajiri Ali Bomani anakutwa amekufa mahali penye mzimu, pale watu wanapopaogopa tangu enzi za mababu. Mahali pale penyewe panakuvuta useme "mzimu umechukua wake". Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hana haraka ya kusema hivyo. Anauliza, anapima, anasikiliza. Na hadithi haiishii mzimuni, inaishia kwa watu.

Hebu fikiria ujasiri wake. Mwandishi Mwislamu wa Unguja, kisiwa chenye hadithi za majini kila kona, anachukua mzimu, anauweka kwenye jalada la kitabu, kisha anamwonyesha msomaji kwamba muuaji ana miguu na alipita mlangoni.

Waliomfuata unawakumbuka, pengine uliwasoma chini ya dawati mwalimu akiandika ubaoni. Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba na Willy Gamba wake, kuanzia Kufa na Kupona mwaka 1974. Ben Mtobwa na Joram Kiango. Hao wawili wa mwisho walipenda bastola na warembo kuliko Bwana Msa, na upelelezi wao ulielekea zaidi kwenye ujasusi, lakini bado mtu alipatikana kwa kufuatiliwa.

Tulivyofika kwenye kioo

Kwa miongo mingi mpelelezi wa Kiswahili aliishi zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye kioo. Shirika la filamu la taifa, TFC, lilianzishwa mwaka 1968 lakini filamu za hadithi zilizotengenezwa nchini zilikuwa za kuhesabu. Televisheni yenyewe Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Kilichojaza pengo ni kanda za video na vibanda vya kuonyeshea: mabenchi, turubai, kiingilio cha sarafu.

Kibanda kina tabia yake na tabia hiyo iliamua mengi. Mtu anaingia saa yoyote. Ukiikuta muvi ya ngumi katikati hujapoteza kitu, lakini muvi ya upelelezi ukiikuta katikati umepoteza yote. Alfred Hitchcock alilijua hilo. Alipotoa Psycho mwaka 1960 alisisitiza kwamba kumbi zisimruhusu mtu kuingia filamu ikishaanza, hata awe nani. Jaribu kufanya hivyo kwenye kibanda ambacho nusu ya wateja wametoka sokoni na wengine wanasubiri mechi.

Tena kulikuwa na lugha. Mafumbo hukaa kwenye maneno, na maneno yalikuwa Kiingereza, Kihindi au Kichina. Ndipo walipotokea wasimulizi, maarufu wao akiwa marehemu Derek Mukandala, Lufufu, wakitafsiri kwa sauti juu ya picha na kuongeza chumvi, pilipili na utani wa mtaani. Walifanya kazi kubwa na warithi wao wamejaa kwenye flashi zetu hadi leo. Kwa muvi za upelelezi, hata hivyo, wana dhambi moja: utamu ukiwazidi wanamtaja. "Huyu mnayemwona na mwavuli ndiye atakayewamaliza wote." Asante sana, ndugu.

Bongo muvi ilipochangamka mwanzoni mwa miaka ya 2000, fumbo lilirudi kwa Kiswahili, lakini kwa mlango mwingine. Filamu iliyotikisa wakati ule ni Nsyuka ya Mussa Banzi, filamu ya kutisha. Jina lake lina uzito wa pekee kwa mtu wa Mbeya, maana abasyuka kwa Wanyakyusa ni wafu wetu, mizimu ya ukoo. Baada yake Banzi alitoa Shumileta, na zikafuatana za majini, makaburi na vibuyu.

Sina ugomvi na filamu za kutisha. Zina mashabiki wake, na hofu ya usiku ni mali ya kila taifa. Ninachokiona ni kwamba njia mbili zilichanganyika. Kuna filamu inayokuambia tangu jina lake kwamba huu ni ulimwengu wa mizimu, na mtazamaji anaingia akijua. Halafu kuna ile inayoanza kama upelelezi kabisa: mke amekufa ghafla, kuna mashaka, kuna polisi na daftari lake, kuna mirathi. Unakaa sawa kwenye kochi. Na dakika 15 kabla ya mwisho, mganga anaangalia kwenye beseni la maji na kusema, "ni mama mkwe". Na kweli filamu inaonyesha ni mama mkwe. Hakuna alama ya kiatu, hakuna risiti, hakuna aliyeulizwa alikuwa wapi. Jibu halikuwemo ndani ya kitendawili, na mama mkwe ameshapigwa mawe.

Siyo zote. Zipo filamu zetu ambazo mganga huyohuyo anaumbuliwa kuwa tapeli, na siku hizi vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanatengeneza kazi za uhalifu zenye akili. Lakini mtoto wa miaka 10 hachagui. Anakula kilichopakuliwa kwenye flashi.

Kwa nini linatuhusu huku

Monica Wilson, mtaalamu wa jamii aliyeishi Rungwe na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliandika jinsi kesi ngumu zilivyoamuliwa kwa mwavi. Mtuhumiwa alinywa dawa. Akiitapika, hana hatia. Isipotoka, hukumu imepita. Hapo aliyehukumu ni tumbo, na hakuna ushahidi uliohitajika.

Ni zamani, utasema. Lakini lambalamba, hao wanaojitangaza kutoa uchawi kwenye nyumba za watu, wamekuwa wakiingia vijiji vya kusini-magharibi mwa nchi kwa miaka mingi, na wakishanyoosha kidole, mwenye nyumba hana pa kukata rufaa. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi kule Chamwino, Dodoma, watafiti wa udongo na dereva wao waliuawa na kundi la watu waliodhani ni wanyonya damu. Watu watatu, waliokwenda kuchukua sampuli za udongo. Walioua hawakuwa na shaka hata kidogo kwamba wamewapata wahalifu.

Na mwanzoni mwa 2019, Njombe, watoto kadhaa walitekwa na kuuawa, mauaji ambayo viongozi wa serikali waliyahusisha na imani za kishirikina. Wazazi wa Iringa na Mbeya tulisindikiza watoto shuleni kwa mkono wiki nyingi. Sitarudia yaliyofanyika, wengi wanaosoma ukurasa huu wanayakumbuka. Nakumbusha tu kwamba hofu ya aina ile inazaa kelele mbili mitaani: wanaotaka muuaji apatikane, na wanaotaka mtu yeyote apatikane. Hizo mbili hazifanani, na mtoto anatakiwa ajifunze kuzitofautisha kabla hajawa na umri wa kuokota jiwe.

Muvi peke yake haiwezi kumfunza hilo wala kumharibu. Inampa mazoezi. Mtoto aliyekaa na Scooby-Doo mara 50 ameona mara 50 kwamba nyuma ya jini kuna mtu na nyuma ya mtu kuna sababu. Mtoto aliyeona beseni la maji mara 50 naye amejifunza kitu.

Sebuleni kwako

Nyumbani kwangu tuna utaratibu mmoja ambao watoto wameukubali kuliko nilivyotarajia. Muvi ikifika katikati tunaisimamisha. Kila mtu, pamoja na bibi yao anapokuwepo, anaandika kwenye karatasi jina la anayemshuku na sababu moja aliyoiona au kuisikia. Jina bila sababu halihesabiwi. "Ana sura mbaya" si sababu. "Ananiudhi" si sababu. "Alisema hajawahi kufika pale lakini alijua mlango unafungwa kwa nyuma" — hiyo ni sababu, na aliyeiandika ana umri wa miaka 11.

Uzuri wa kutazama kwenye simu au flashi ni kwamba unaweza kurudisha nyuma, jambo ambalo kibanda hakikuwahi kutupa. Rudisha. Watoto wakiomba waone tena ule mkono mezani, wape. Ubaya wake ni masikio yaliyozibwa: kila mmoja kona yake na simu yake, na beseni la maji linapotokea hakuna mtu mzima karibu wa kuuliza chochote.

Kwa umri: walio chini ya miaka saba waachie katuni, maana wadogo hawa bado wanachanganya cha kwenye kioo na cha chini ya kitanda. Wa darasa la sita, saba na sekondari ya mwanzo wanaweza kukaa nawe kwa Murder on the Orient Express, ya 1974 au ya 2017, au Knives Out ya 2019, mkisoma kwanza alama ya umri iliyowekwa. Kwa wa kidato cha tatu kwenda juu, tafuta 12 Angry Men ya 1957. Wanaume 12 ndani ya chumba chenye joto wanaamua hatima ya kijana anayeshtakiwa kumuua baba yake. Wote 11 wameshaona ana hatia na wanataka kwenda nyumbani. Mmoja anasema tuzungumze kwanza. Hakuna teke hata moja, na wanangu hawakunyanyuka.

Usisahau Bwana Msa kwa sababu tu hana video. Umeme ukikatika, kisome kitabu kwa sauti, sura moja kwa usiku mmoja. Kiswahili chake cha Unguja kitawapa shida kidogo watoto wa Soweto, na shida hiyo ni sehemu ya raha.

Kisha kuna kesi ambazo haziko kwenye flashi. Shilingi 10,000 haionekani kabatini. Wa kwanza kutazamwa ni nani? Mara nyingi ni dada wa kazi, binti aliyetoka Makete au Ludewa miezi mitatu iliyopita, asiye na ndugu mjini wa kumsemea. Mabegi yake yanapekuliwa barazani, watoto wakiangalia. Mara nyingine anatishiwa kupelekwa kwa mtaalamu atakayeangalia nani kachukua. Hapo watoto wako hawatazami muvi, wanamtazama mpelelezi wao wa kweli akifanya kazi. Wanaona kama uliuliza nani mwingine aliingia chumbani, kama ulikumbuka kulipa gesi asubuhi, kama ulipekua begi la mtoto wako mwenyewe kwa mkono uleule.

Usiku wa leo Mbeya utakuwa na baridi kama jana. Chemsha chai ya tangawizi, chagua moja, mwondoe msimulizi kama unaweza. Mtoto akimjua muuaji kabla yako na sababu yake ikasimama, usibishe. Toa mji. Wangu siku zote wanadai Dar es Salaam, Iringa wanasema wameshaimaliza.